Uliza Mwalimu: Kifua kinatanuka kwanza au hewa inaingia kwanza?

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia kwenye kupumua, sijui ni vumbi la kiangazi au ni nini, basi nimeona nizijibu kwa mpigo maana jibu la huyu linamsaidia na yule. Zilizokuwa ndefu sana nimezipunguza, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni baba wa mtoto wa darasa la sita hapa Tabata. Juzi dogo karudi na daftari kapigwa kosa. Swali lilikuwa eleza kinachotokea tunapovuta pumzi, yeye kaandika kifua kinatanuka halafu hewa inaingia, kasahihishiwa kwamba hewa inaingia ndo mapafu yanatanuka kama puto. Mama yake anasema sahihisho liko sawa, mimi nipo upande wa dogo ingawa nikiulizwa kwa nini sina jibu. Tuamulie maana nyumba imegawanyika.

JIBU: Marahaba baba. Dogo yuko sahihi, mnunulie soda. Ila usiende kugombana shuleni, kosa hili wanalo watu wengi sana, hata wenye vyeti vyao ukiwauliza ghafla watakwambia hewa ndo inayotanua kifua.

Puto linajaa kwa sababu kuna mtu yuko nje analipuliza. Sasa jiulize, wewe ukiwa umelala usiku, nani anakupuliza? Hamna. Na mapafu yenyewe hayana msuli wa kujitanua, ni kitu laini tu, ukiona mapafu ya ng'ombe pale bucha yamelala yamenywea, hayo ndo yenyewe yakiachwa peke yake. Kazi yote inafanywa na kuta za kifua. Chini kuna diaframu, msuli mpana mwembamba unaotenganisha kifua na tumbo, ukiwa umepumzika unabinuka kwenda juu, ukikaza unashuka. Pumzi ya kawaida unashuka sentimita 1 mpaka 2 tu, ukivuta ile pumzi ndefu kabisa unaweza kufika hata 10. Pembeni kuna misuli ya katikati ya mbavu, nayo ikikaza mbavu zinapanda na kusogea nje. Hapo nafasi ndani ya kifua imeongezeka na hewa mpya bado haijaingia hata tone.

Hewa iliyokuwemo mle ndani sasa imepata nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo mgandamizo wake unashuka. Hii aliiandika Robert Boyle wa Uingereza mwaka 1662, kwamba hewa ile ile kwenye joto lile lile ukiiongezea nafasi mgandamizo unapungua, ukiibana unapanda. Huku nje, sisi wa Dar tuko usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa milimita 760 za zebaki, kipimo kile kile wanachopimia presha hospitali. Ndani ya mapafu inashuka mpaka kama 759. Tofauti ya milimita moja tu baba, lakini inatosha, hewa ya nje inasukumwa kuingia mpaka pande mbili zilingane, na hapo umeshapata kama nusu lita. Ukiachia, misuli inalegea, mapafu yanajirudi kwa sababu yana asili ya kunywea, nafasi inapungua, ndani inakuwa 761 hivi, hewa inatoka. Mtu mzima aliyetulia anafanya hivyo mara 12 mpaka 20 kwa dakika na wala hana habari.

Ukitaka kumaliza ubishi hapo nyumbani nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano jipya la mililita 20, sindano yenyewe usiiweke. Sukuma pistoni mpaka mwisho, mwambie mama azibe tundu kwa kidole, halafu avute pistoni taratibu. Atahisi inakuwa nzito na nyama ya kidole inabonyea kuingia kwenye tundu. Aking'oa kidole hewa inaingia kwa ule mlio wa "psss". Sasa muulize kwa upole, alianza kuvuta pistoni au ilianza kuingia hewa? Nafasi kwanza, hewa baadaye.

Kuna kitu kimoja vitabu vingi vya watoto vinakiruka. Mapafu yanajuaje kufuata kifua wakati hayajashonwa nacho? Yamezungukwa na tando mbili zimelaliana, katikati kuna maji kidogo sana, na mgandamizo wa pale katikati uko chini ya ule wa nje kwa kama milimita 4 muda wote, ndo unaoyashika mapafu yabaki yamebandana na kifua. Ndo maana mtu akipata ajali ya boda ubavu ukavunjika ukatoboa pale, au akichomwa kisu, hewa inaingia kwenye ule uwazi na pafu la upande ule linanywea, utaona anahangaika kifua kinapanda kinashuka na upande mmoja hauleti kitu. Daktari anaweka mrija wa kuitoa ile hewa ili pafu lirudi kubandana.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nasoma uuguzi, niko mwaka wa pili, naishi Upanga. Umeshawahi kuandika hapa kwamba hewa haivutwi bali tunatengeneza nafasi. Sasa mgonjwa wa ICU, kile chumba cha mahututi, aliyewekewa mashine ya kupumulia inakuwaje? Pale si mashine inasukuma?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na swali lako ni zuri. Ndiyo, pale inasukuma, pale ndo mtu anakuwa puto kweli. Mashine za sasa zinapuliza hewa kupitia mrija uliopita kooni, yaani hewa inaingia kwanza ndo kifua kinapanda, kinyume kabisa na ulivyoumbwa. Na ndo sababu utafundishwa kuwa makini na zile namba za mashine, ukipuliza kwa nguvu iliyozidi unaweza kuumiza vile vifuko vidogo vya hewa. Halafu kuna la pili, unapopumua mwenyewe mgandamizo wa kifuani ukishuka unasaidia pia damu ya kwenye mishipa mikubwa kurudi moyoni, ukipuliza kutoka nje unapoteza huo msaada, kwa hiyo usishangae presha ya mgonjwa ikishuka mara tu baada ya kuunganishwa.

Ila mashine za kwanza zilizoenea hazikuwa hivyo. Kulikuwa na "pafu la chuma", lilitumika mara ya kwanza kwa mgonjwa kule Boston, Marekani, mwaka 1928, moja ya waliolitengeneza ni Philip Drinker. Lilikuwa sanduku kubwa la chuma, mgonjwa analazwa ndani kichwa kimebaki nje, shingoni wanaziba vizuri, halafu pampu inapunguza mgandamizo ndani ya sanduku, kifua kinatanuka, hewa ya chumbani inaingia puani yenyewe. Wengi walioingizwa humo walikuwa wagonjwa wa polio, na ukiangalia polio ndo inakuonyesha jambo lenyewe, mapafu yao yalikuwa mazima, kilichopooza ni misuli, na bila misuli mapafu mazima hayana kazi.

Halafu 1952 polio ikalipuka Copenhagen, Denmark, mapafu ya chuma hayatoshi. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akasema tuwatoboe koo, tuwapulizie hewa kwa mfuko wa kubinya kwa mkono. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana zamu mchana na usiku kubinya mifuko, mgonjwa mmoja mwanafunzi mmoja, na vifo vikapungua sana. ICU unayofanyia mazoezi leo imeanzia pale. Kwa hiyo ukipewa zamu ya kubinya ambubegi, ndo huo mfuko wa mkono, usinung'unike sana.

Nikuongezee tu, chura yeye ndo mtindo wake wa siku zote. Hana diaframu, anajaza hewa mdomoni, anaziba pua, anapandisha sakafu ya mdomo na kuisukuma hewa mapafuni. Lile koo linalocheza cheza ukimwangalia ndo pampu yake.

SWALI: Oya mwalimu, mimi naishi Kigamboni, napiga mbizi kuwinda samaki na mkuki, pumzi yangu inakata mapema. Nimewaza nichukue mpira wa maji wa inchi moja, mita 3, ncha moja nifunge kwenye dumu lielee juu, ncha nyingine mdomoni, nipumue taratibu nikiwa chini. Washkaji wananicheka ila hawana sababu. Kuna ubaya?

JIBU: Kaka usijaribu, na nashukuru umeuliza kabla. Washkaji wako wana haki ya kucheka, sababu nakupa mimi.

Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 3 maji yanakubana kwa takriban milimita 225 za zebaki zaidi ya juu. Sasa huo mpira uko wazi kule juu, maana yake hewa iliyomo mapafuni mwako inabaki kwenye 760 za juu, huku kifua kwa nje kinabanwa na 985. Kumbuka nilivyomwambia baba wa Tabata, pumzi ya kawaida inahitaji misuli itengeneze tofauti ya milimita moja hivi. Wewe unataka misuli hiyo hiyo ikisukume kifua dhidi ya 225. Tukichukua sehemu ya mbele ya kifua ya sentimita 30 kwa 30 tu, pale kuna uzito wa zaidi ya kilo 270, mifuko mitano ya saruji na chenji juu. Kijana mwenye nguvu zake akivuta kwa nguvu zote anaweza kushindana na maji ya kama mita moja, na hapo ni kwa sekunde chache, hawezi kupumua hivyo.

Tuseme hata ungekuwa na kifua cha chuma, mpira wenyewe utakumaliza. Mpira wa inchi moja wa mita 3 ndani unabeba karibu lita moja na nusu ya hewa. Pumzi yako ni nusu lita. Ukitoa pumzi chafu inaishia katikati ya mpira, ukivuta unairudisha ile ile, hewa safi ya juu haikufikii ng'o. Ndo maana vile vimrija vya watalii kule visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni vifupi na mtu anaelea juu juu.

Wanaozamia na mtungi wanaweza kwa sababu kile kifaa cha mdomoni kinawapa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji ya pale walipo, ukishuka nayo inapanda, kwa hiyo ndani na nje vinalingana. Nao wana sharti lao, kupanda juu huku umeshikilia pumzi ni marufuku, maana hewa uliyovuta kwenye mita 10 ukifika juu inataka nafasi mara mbili na mapafu yanaweza kupasuka.

La mwisho kwako, kama una ile tabia ya kuhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili "ujaze oksijeni", iache leo. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

SWALI: Mwl mimi ni mwanafunzi wa fomu tu, Temeke. Nikishikilia pumzi nafika mahali siwezi tena kabisa. Ni oksijeni imeisha?

JIBU: Haijaisha hata kidogo. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21, unayoitoa bado ina kama 16, ndo maana kumpulizia mdomo kwa mdomo mtu aliyezama maji kunasaidia. Kile kinachokubana mpaka unaachia ni hewa ukaa. Mwili unaitengeneza muda wote, usipoitoa inajaa kwenye damu, damu inaelekea kuwa na asidi, na sehemu ya chini ya ubongo karibu na uti wa mgongo inahisi hilo haraka sana na kuamrisha diaframu ikaze utake usitake. Ile hamu ya kupumua kwa sehemu kubwa ni hewa ukaa inabisha hodi, oksijeni ina walinzi wake nao ila wanachelewa kuamka.

Sasa rudi kwa kaka wa Kigamboni. Akihema haraka haraka anatoa hewa ukaa nyingi, oksijeni haongezi cha maana kwa sababu damu yake ilikuwa imeshajaa karibu yote. Akizama anajiona yuko vizuri, habanwi, kumbe oksijeni inaisha na kengele haijalia. Anazimika ghafla ndani ya maji bila hata kuhangaika. Waogeleaji wazuri ndo wanaokufa hivi, wasiojua kuogelea wanakufa kwa njia nyingine.

Na hapo hapo nimjibu dada wa Mbezi aliyeuliza inakuwaje watu wanalala na jiko la mkaa ndani wakati wa mvua wasiamke kukimbia. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kabonimonoksaidi, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kifua kinapanda kinashuka kama kawaida, hewa inaingia, mgandamizo hauna shida, ila mabasi ya oksijeni yameshajaa abiria wengine. Na mwili hauna kengele ya gesi hiyo, mtu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala zaidi. Dada, jiko likae nje, hata likibaki majivu yenye moto kidogo usiliingize ndani, na wali ukiiva uache huko huko.

SWALI: Mwalimu, kampuni yetu inatupeleka Kilimanjaro Desemba. Ni kweli kule juu hakuna oksijeni?

JIBU: Ipo, asilimia ni ile ile 21. Kinachopungua ni mgandamizo. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na kule hewa inakukandamiza kwa karibu nusu ya huku Dar, kwa hiyo kifua kikitanuka kile kile kinapata karibu nusu tu ya hewa ambayo kingepata huku. Utahema sana na hiyo ni sawa. Panda polepole, siku nyingi ni bora kuliko chache hata kama bosi anataka kubana bajeti, na kichwa kikiuma kwa kuzidi, ukatapika, ukaanza kuyumba au kuhema hata ukiwa umekaa, dawa ni kushuka, usisubiri asubuhi.

SWALI: Hili sijui kama ni lako. Nina kisima Goba, maji yako mita 14 chini, nimeweka pampu nzuri kabisa juu ya ardhi na haipandishi hata tone. Fundi kaniambia ninunue kubwa zaidi.

JIBU: Siyo la baiolojia lakini ni ndugu wa kuzaliwa wa swali la Tabata. Pampu ikikaa juu haivuti maji, inaondoa tu hewa kwenye bomba, kinachopandisha maji ni hewa ya nje inayoyakandamiza kule kisimani. Na hewa yote hii iliyo juu yetu uwezo wake wa mwisho ni kupandisha maji kama mita 10.3, kwa vitendo ni 7 au 8. Wachimba visima wa Italia waliligundua hilo wakachanganyikiwa, mpaka mwanasayansi wao Torricelli kwenye miaka ya 1643 na 1644 akaeleza kwa zebaki, na zile milimita 760 zimetoka huko. Ukinunua pampu kubwa namna gani ikikaa juu itagota pale pale. Nunua ya kuzamisha, ile inakaa chini na kuyasukuma. Fundi mwambie tu kwa upole.

SWALI: Kwikwi inatoka wapi? Mwanangu wa miezi minne anazo kila akinyonya.

JIBU: Diaframu inajikaza ghafla bila mpangilio, nafasi inaongezeka, hewa inaanza kukimbilia ndani, na kabla haijafika mlango wa njia ya hewa kooni unajifunga, ndo ule mlio. Kwa mtoto mchanga mara nyingi ni tumbo limejaa haraka pamoja na hewa aliyomeza. Mbeulishe katikati ya kunyonya, mweke wima kidogo, asinyonye kwa pupa akiwa ana njaa kali. Kiuzi chenye mate kwenye paji la uso hakina madhara wala hakifanyi kitu. Mtu mzima akiwa na kwikwi zaidi ya siku mbili mfululizo aende hospitali, na mtoto kama zinamzuia kunyonya au anatapika sana, mpeleke kliniki msisubiri tarehe ya kadi.